Bismarkia yangu iko mita moja na nusu toka ukutani: niihamishe au niikate?

Mzee wa Geti
Wakuu habari za leo. Niko Kigamboni, kiwanja cha 20 kwa 25. Miaka 4 iliyopita nilinunua miche miwili ya bismarkia, ile miti jamii ya mnazi yenye majani ya feni rangi ya fedha. Ilikuwa kwenye viriba, kila mmoja una majani matatu, nikaona ni maua kama maua mengine. Mmoja nikauchomeka katikati ya uwanja, mwingine getini.

Sasa huo wa getini jani moja ni pana kuliko mikono yangu nikiinyoosha yote. Mawili yamelalia ukuta, jingine linaparua gari kila nikiingia. Shina bado halijaonekana, majani yanatokea chini kabisa. Fundi bustani anasema laki na nusu anauhamisha: asubuhi anang'oa, mchana umeshapandwa. Shemeji yenu anasema ukatwe. Nifanyeje? Natanguliza shukrani.

Kichanga
Mkuu, huyo fundi usimpe hata elfu kumi. Huu mti hautaki kabisa kuguswa mizizi, na ukiwa haujatoa shina ndiyo mbaya zaidi, maana shina lenyewe bado liko ardhini. Ukipiga jembe pembeni hujui umekata nini.

Na hapo bado mtoto. Kwao Madagaska jani hufika mita 3 kwa upana. Ulitakiwa uuachie angalau mita 3 au 4 toka ukutani.

Bi Mkubwa Tanga
Yamenikuta. Wangu niliuhamisha kupisha karo la choo. Miezi miwili ukakaa kijani kibichi, nikawatambia majirani. Siku moja nashika lile jani jipya la katikati, ambalo bado limefunga kama mkuki, likachomoka lote mkononi. Chini limeoza, linanuka kama muhogo uliovundikwa. Baada ya hapo ni kuni tu.

Dereva Tipa
Mbona hotelini wanaleta mikubwa na kreni na inashika? Acheni kumtisha mwenzetu.

Kichanga
Ile ina shina tayari, mkuu. Na wanaojua kazi hukata mizizi upande mmoja mmoja, wanasubiri miezi, halafu wanabeba na bonge la udongo. Si asubuhi na mchana. Tena kichanga cha Kigamboni hakishikani, bonge lenyewe litamwagika kabla halijafika kwenye toroli.

Mvumo
Wapwani wenzangu, huyu ni ndugu wa mvumo na mkoma, miti ya porini jamii hiyo hiyo ya mnazi. Mliowahi kuotesha mvumo mnajua: kokwa hutuma mkia chini kwanza, jani linakuja baadaye sana. Bismarkia ni hivyo hivyo, ndiyo maana hata kiriba kifupi huuharibu. (Jina ni la Bismarck, yule chansela wa Ujerumani. Wajerumani waliupa mwaka 1881.)

Mzee wa Geti, ukitaka mwingine anza na mche mdogo kwenye kiriba kirefu. Chana kiriba, usitikise udongo, panda juani. Mwaka wa kwanza mwagilia, baadaye unavumilia ukame. Na samadi mbichi usirundike karibu, mdudu chonga, yule mweusi mwenye pembe, anazaliana humo, kisha anakuja kutoboa moyo wa mti kama anavyofanya kwenye minazi. Ukiona tundu, mchokoe na waya wenye ndoano.

Mzee wa Geti
Nimewaelewa. Jana nimezunguka na futi kamba. Geti la kufungua nikiligeuza la kusukuma pembeni na njia ya gari ikasogea mita mbili, mti unabaki. Majani yanayogusa gari niyakate?

Bi Mkubwa Tanga
Kata hayo ya chini tu, mawili matatu, kwa zamu. Vaa glovu, vikonyo vina meno. Na jani likianza kuwa na madoa ya rangi ya chungwa usikimbilie kulikata, mara nyingi ni njaa ya madini ya potashi. Mti bado unalinyonya.

Mzee wa Geti
Asante mama. Shemeji yenu amekubali, kwa sharti kwamba geti lipakwe rangi ya fedha lifanane na mti. Fundi bustani naye kapiga simu, anadai nauli ya kuja kuangalia.

Dereva Tipa
Mpe, kakuokolea mti bila kujua.