Mbegu za mkopo na ufunguo wa ghala: akina mama wa Kafubu tufanye nini?

Mama wa Kafubu

Jambo wote. Niko upande wa mto Kafubu, pembezoni mwa Lubumbashi, Kongo. Tuko kikundi cha akina mama: mvua ikianza tunalima mahindi, kiangazi tunamwagilia lengalenga na matembele kandokando ya maji. Mwaka 2024 ukame ulipoipiga Zambia, unakotoka unga tunaonunua, hapa kwetu kila nyumba ilisikia. Meka ya unga, lile kopo la kupimia sokoni, ilipanda bei mpaka watu wakawa wanapika bukari (ugali) mara moja kwa siku, tena kidogo. Hapo ndipo tulipokata shauri tujenge ghala letu wenyewe. Kuta zimeshasimama, zimebaki mabati.

Sasa mfanyabiashara mmoja wa mjini ametuletea mpango. Atatukopesha mbegu chotara, zile za kuchanganywa aina mbili, na mbolea ya dukani. Tutalipa kwa mahindi, siku ya mavuno, kwa bei atakayoitaja yeye siku hiyo. Na mpaka deni liishe, ufunguo wa ghala utakaa kwake. Wenzangu wengi wameshakubali moyoni, kwa sababu mbegu zimeletwa mpaka mlangoni na hakuna anayedaiwa franga leo.

Mimi roho haitulii. Mwezi wa tano mahindi yamejaa kila mahali na bei iko chini. Mwezi wa kwanza shamba bado ni bichi, gunia limekwisha, na ndipo watoto wanapoanza kuuliza. Mwenye ufunguo mwezi wa kwanza ndiye atakayetupangia tule nini.

Mama mkwe wangu bado ana mahindi meupe ya zamani. Anachagua magunzi mazito, anayafunga kwa maganda yake na kuyatundika juu ya jiko, moshi unayapiga mpaka yanakuwa meusi kwa nje. Kila mwaka anapanda hayohayo. Je, kikundi kizima kinaweza kuanza na mbegu kama hizo? Au ni ndoto ya mtu asiyetaka deni?

Mzee wa Kasapa

Mama, jambo. Nimefanya kazi ya kilimo miaka mingi, nitakujibu kwa shamba.

Mbegu chotara huzaa vizuri mwaka wa kwanza ikipata mvua na mbolea. Ukizihifadhi na kuzipanda tena, mazao hushuka na mimea inatoka haifanani. Kwa hiyo kila msimu unarudi kwa muuzaji. Mahindi ya mama mkwe wako hayana shida hiyo, mradi yasichanganyike. Chavua ya mahindi hubebwa na upepo: shamba la mbegu likae mita 200 hivi kutoka kwa mahindi mengine, au lipandwe wiki tatu au nne kabla ya jirani. Usichukue mbegu pembeni, chagua katikati ya shamba. Na chagua mmea ungali umesimama, uone kama ulivumilia jua na viwavijeshi. Ukisubiri mpaka magunzi yako chini, unachagua ukubwa tu.

Mbegu hizo hazitashinda chotara kwenye mvua nzuri, hilo niseme wazi. Lakini hazitakudai kitu mvua ikikatika.

Swali moja: hayo matofali ya ghala mmeyatoa wapi? Kama ni kwenye kichuguu kikubwa, acheni sehemu. Udongo wetu mwekundu una asidi nyingi, na kichuguu kina chokaa. Nyunyizeni shambani, mtaona tofauti kwenye maharagi kabla hata ya mahindi.

Dereva wa Kasumbalesa

Mimi napita mpakani kila mara. Watu wanadhani unga wa Zambia utakuwepo siku zote. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa: karibu hekta milioni 1 za mahindi ziliharibika, katika milioni 2.2 zilizopandwa. Nchi ikiwa hivyo, inalisha watu wake kwanza, na mimi siwezi kuwalaumu. Mama, jengeni ghala. Ila mfanyabiashara huyo asiwe adui, mnaweza kumuuzia ziada kwa bei mliyoandika kabla ya kupanda.

Dada wa Likasi

Kikundi chetu kina ghala. Mlango una kufuli tatu, na kila ufunguo uko kwa mama wa mtaa tofauti. Hakuna anayefungua peke yake. Kila gunia linaandikwa jina, uzito na siku, na daftari linasomwa kwa sauti mbele ya wote, kwa sababu si kila mmoja anasoma.

Mahindi yakaushe kabisa kabla ya kuyafunga. Weka kiganja cha mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikigandia ukuta wa chupa, rudisha mahindi juani. Yakikauka, magunia yenye mifuko miwili ya plastiki ndani yanazuia hewa, na fukusi wanakufa bila dawa. Yakiwa na unyevu, huko ndani yanaota kuvu, na hayo usimpe mtoto wala kuku.

Pandeni na muhogo. Ukame ukija, huo unasubiri ardhini.

Mama wa Kafubu

Asanteni sana. Mzee, ndiyo, ni kichuguu, na nusu yake bado imesimama. Leo jioni nitawaambia mafundi wasiiguse.

Kwenye mkutano nitapendekeza hivi: mwenye kutaka chotara akope kwa jina lake, shambani kwake, na ghala lisiwekwe rehani. Shamba la mbegu litakuwa la mama mkwe, ameshakubali, ila anataka sisi wote tuje kuchagua naye mimea ikiwa bado imesimama. Dada, hizo kufuli tatu, anayesafiri anamwachia nani ufunguo? Hapo ndipo najua watanibana.

Dada wa Likasi

Anauacha kwa mwanamama mwingine wa mtaa wake, mbele ya mashahidi wawili, na inaandikwa daftarini. Mume haruhusiwi. Hiyo tuliiweka tangu siku ya kwanza.