Simu imepata apdeti, mimi nimepata hasara. Naweza kuirudisha ilikotoka?

Dereva wa Tandika

Wakuu, habari za humu. Mimi ni dereva wa bajaji, kijiwe changu Tandika, na simu ndiyo jembe langu. Abiria wengi siku hizi hawasimami barabarani, wanaita kwa programu. Simu ikilala na mimi nimelala, lakini hesabu ya tajiri hailali: elfu ishirini kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe.

Simu yenyewe nilinunua 2021, laki tatu na themanini, RAM GB 3, memori GB 32. Haikuwa simu ya kumtambia mtu. Nimeifunga kwenye usukani kwa mpira wa tyubu, imekula jua, imekula vumbi la Mbagala, ilidondoka Buguruni ikapasuka kona, na haijawahi kuninyima abiria hata siku moja. Sasa juzi kati ikaanza kunisumbua: toleo jipya lipo tayari. Nafuta ujumbe, kesho umerudi. Nafuta tena, unarudi nikiwa na abiria, umeziba ramani yote. Usiku mmoja nikasema ngoja niimalize hii kero. GB 1.4, nikaishusha kwa bando la usiku, nikalala.

Nimeamka na simu ya mtu mwingine. Rangi zimebadilika, kitufe cha kupokea simu kimehama, hata kikokotoo sikioni. Hayo ningezoea. Zamani nilitoka nyumbani alfajiri na asilimia 100, mpaka saa nane mchana nina 40 bado. Sasa saa tatu asubuhi iko 51, na ukiishika ni kama chapati imetoka kikaangoni. Mbaya zaidi ni Ijumaa. Ombi linalia, abiria yuko Tazara, kioo cheusi. Nabonyeza, nabonyeza. Kinakuja kuwaka, ombi limeshachukuliwa na mwenzangu aliyepaki nyuma yangu palepale kijiweni. Akacheka. Siku hiyo wamenipita wanne kwa mtindo huo.

Hapo nikakosea mara ya pili. Nikachukua za kikoba, nikaongeza, nikanunua mdogo wake hiyo simu, kampuni ileile, jina lilelile ila namba imepanda. Laki tano na nusu. Kamera tatu nyuma, moja mpaka leo sijajua inapiga nini. Tundu la hedifoni hamna. Redio hamna, na mimi mpira nausikiliza redioni, bando la kutazama nitalitoa wapi? Kuweka memori kadi mpaka utoe laini moja, wakati laini zangu zote mbili zina kazi, moja ya kupigiwa na nyingine ya pesa. Chaji kwenye boksi hamna, ni waya tu. Na kabla sijafungua loki naoneshwa matangazo ya michezo ya kubahatisha. Yaani nimelipa zaidi nikapewa pungufu.

Swali langu: ile ya zamani inaweza kurudi kwenye toleo lake la mwanzo? Nipo radhi kulipa fundi. Natanguliza shukrani.

Kipara Ngoto

Pole mkuu. Mimi ujumbe wa apdeti na ujumbe wa matapeli wa "tuma kwa namba hii" nawachukulia ndugu wa tumbo moja.

FundiAggrey

Mleta mada, nina meza mtaa wa Aggrey mwaka wa tisa huu, kesi kama yako haipiti wiki sijaletewa.

Nianze na habari mbaya. Simu nyingi za sasa zina ulinzi unaokumbuka toleo la juu kabisa ulilowahi kuweka. Ukiilazimisha la chini yake, inakataa kuwaka. Wenyewe wanasema ni kwa usalama: mtu mbaya asije akaishusha simu ili apitie tundu la zamani la programu lililokwisha kuzibwa. Kuna ukweli, ila mlango umefungwa na wewe mwenye nyumba uko nje. Simu chache zinakubali kushuka. Ukipata fundi anayekwambia "lete elfu thelathini, nusu saa tu", muulize kwanza ikifa atalipa nani. Na kuflashi, yaani kuiingizia simu toleo upya kwa kompyuta, kunafuta kila kitu, mpaka picha za arusi.

Sasa ugonjwa wenyewe. Apdeti kubwa ikiingia, siku mbili tatu simu kuchemka ni kawaida, inazipanga upya programu zote kwa ndani. Ikizidi hapo kuna jambo. Naomba uangalie kwenye memori zimebaki GB ngapi. Memori ya simu ya bei ile ikijaa, kuandika na kusoma kunakuwa kwa kuvuta miguu, ndiyo hiyo kuganda unayosema. Halafu betri. Betri ya simu ikishapita mizunguko kama mia tano ya chaji imepungua nguvu, na ya kwako imechajiwa juani miaka yote. Joto ndilo linaloua betri kuliko kitu kingine. Kwa hiyo apdeti haikuiua, imeikuta inaumwa ikaitwisha gunia.

Fanya hivi: hamisha picha zako, kumbuka nywila zako, kisha ifute irudi kama ilivyotoka dukani. Toleo litabaki lilelile jipya, lakini uchafu utaondoka. Kisha badilisha betri. Ukioneshwa betri ya umbo lilelile imeandikwa uwezo wa mAh 6000 wakati ya kwako ilikuwa 4000, hiyo ni stika, kimbia.

Binti Kiwengwa

Kaka yangu, pole. Mie kwetu Unguja lakini nimeolewa huku Italia, na nakuhakikishia hujarogwa. Mwezi wa kumi 2018 mamlaka ya ushindani ya huku iliwapiga faini Apple euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5 kwa jambo kama lako. Samsung waliwahimiza wenye simu yao ya Note 4 waweke toleo la Android lililotengenezwa kwa ajili ya Note 7, simu mpya zaidi. Apple nao waliwahimiza wenye iPhone 6 waweke iOS 10, toleo lililotengenezwa kwa ajili ya iPhone 7. Simu zikawa nzito, watu hawakuambiwa kitu, na pa kurudi hapakuwepo. Mwaka mmoja nyuma, Disemba 2017, Apple walikuwa wameshakiri kuwa wanazipunguza kasi simu zenye betri zilizochoka, ati zisizimike ghafla. Wakaomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29.

Milioni 15 kwa kampuni kama zile ni chenji ya daladala, lakini angalau iliandikwa. Na tangu Juni 2025 Umoja wa Ulaya unazitaka kampuni ziweke vipuri, betri ikiwemo, miaka 7 baada ya simu kuacha kuuzwa. Fundi wa watu hapo Aggrey angelipenda hilo, ila sheria haivuki bahari.

Kaka wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nishazima apdeti za kujileta zenyewe. Enda kwa mipangilio, "Kuhusu simu", gonga namba ya muundo mara saba, zitatokea chaguo za wasanidi programu. Humo kuna swichi ya masasisho ya mfumo, zima. Haitakuuliza tena... ama itauliza, lakini haitajiwekea.

Dereva wa Tandika

Kaka wa Likoni, asante, lakini kukataa moja kwa moja nako kuna mwisho wake. Mzee mmoja hapa kijiweni alikuwa na simu ya Android 4, hakuwahi kugusa apdeti, na hata angetaka haikuwa inaletewa. Januari 2025 WhatsApp wakaacha kuzihudumia zile, akawa anaulizia mbona kimya. Ndiyo maana mimi niliogopa nikabonyeza. Ukikataa unaachwa, ukikubali unaumia.

Dada wa Kiwengwa, nimewasomea wenzangu kijiweni. Yule aliyenicheka kaenda kuangalia kama na yeye kaletewa.

Fundi, memori ilikuwa imebaki GB 0.9! Magrupu ya WhatsApp, video za harusi za watu nisiowajua. Nafanya ulivyosema, nitaleta mrejesho.

Dereva wa Tandika (baada ya siku tisa)

Mrejesho. Nimefuta vyote, nimeweka betri kwa elfu ishirini na tano. Programu za ramani, abiria na pesa tu, WhatsApp nimeizuia isipakue video. Imepona kama asilimia 70. Kuganda inaganda bado, ila ombi naliwahi. Joto limepungua, nimeihamishia upande wa kivuli. Zamani yake haijarudi na sidhani itarudi. Kikokotoo nimekiona.

Kwa hiyo ile mpya naiuza. Laki nne na nusu, imetumika mwezi na nusu, boksi lipo, waya upo, haina mkwaruzo. Kamera tatu.

Kipara Ngoto

Mkuu, haina tundu la hedifoni, haina redio, haina chaji, na ina matangazo kabla ya loki. Wewe mwenyewe umeandika hapo juu. Laki mbili na nusu, nakufuata Tandika jioni.