Mrejesho: ile deskitopu ya 2014, niliweka SSD

Habari wakuu. Niliuliza kama niiboreshe deskitopu ninayofanyia uhasibu nyumbani, prosesa i5 ya kizazi cha 4 yenye RAM (kumbukumbu ya muda) GB 4, au ninunue nyingine.

Nilianza na SSD (diski ya kuhifadhia yenye kasi) ya GB 240 kama mlivyoshauri. Kuwaka kulichukua dakika 3, sasa sekunde 25; Excel inafunguka kabla sijaweka kikombe cha chai mezani! RAM ilinisumbua: nilinunua ya aina ya DDR4, ikagoma kuingia, kile kijipengo chake hakilingani na sloti ya DDR3, aina ya zamani ambayo mashine yangu inatumia. Muuzaji akanibadilishia, nina GB 8.

Windows 11 imekataa, prosesa ni ya zamani mno. Hapo nimekwama, naweka akiba ya mashine nyingine.

Asanteni sana, hasa mkuu aliyenizuia kununua kadi ya grafiki. Hela ile ndiyo iliyolipia SSD.