Mwegea unachanua kila mwaka lakini hauzai, tatizo nini?

Kitalu_7:
Wakuu, naomba msaada. Bustani ya mimea hapa Miami ina mwegea mmoja (wengine mnauita mvungunya), mita 9 hivi. Mwaka wa tatu sasa unashusha zile kamba zake ndefu, maua makubwa ya rangi ya damu ya mzee, na asubuhi yote yako chini. Tunda hata moja hakuna. Ni udongo?

Mzee wa Miche:
Udongo hauna kosa, mti wenye njaa hauchanui hivyo. Kinachokosekana ni popo. Ua la mwegea hufunguka giza likiingia na kudondoka asubuhi, na kwao Afrika popo wanaokula matunda ndio wachavushaji wake wakuu. Huko mtafanya kazi yao kwa mkono.

Nenda saa mbili usiku na ngazi, tochi na brashi laini ya rangi. Chagua ua lililofunguka usiku huohuo. Ndani, upande wa juu, utaona stameni nne (vijiti vya kiume vyenye unga wa chavua) zimekaa jozi mbili, na kati yake stigma (sehemu ya kike inayopokea chavua) yenye midomo miwili bapa. Pakaza chavua upande wa ndani wa midomo, mara moja na kwa wingi. Ukichokoachokoa bila chavua ya kutosha, midomo hujifumba na huenda ukapoteza ua. Funga uzi kwenye kikonyo ujue lipi umelishika.

Chavua itoke mti mwingine. Ya mti huohuo mara nyingi haishiki.

Kitalu_7:
Wetu uko peke yake. Tukipata wa bustani jirani, tunaibebaje?

Bi Mbegu:
Kata vifuko vya chavua usiku, tia kwenye bahasha ya karatasi. Msitumie mfuko wa nailoni, hutoa jasho na chavua inagandamana. Itumieni usiku uleule.

Tena ondoeni benchi chini ya mti kabla hamjaanza! Tunda hufika nusu mita na zaidi, kilo 5 hadi 10, na huning'inia miezi mingi. Magari pia yasiegeshwe hapo. Wekeni na kibao: tunda bichi lina sumu. Wakikuyu hulipasua na kulikausha ili lichachushe muratina, pombe yao ya kienyeji, hawalili.

Mzee wa Miche:
Na kamba zilizopukutika maua msizikate haraka. Tunda changa huanzia hapohapo.