Kuna shemeji kanitambulisha getini Mikumi kama dereva wake. Gari ni LANGU

Mzizi wa Mbuyu (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, makosa ya herufi mtanivumilia.

Tumerudi sasa hivi kutoka hifadhi ya Mikumi. Injini bado ya moto. Watoto wamelala na viatu. Mimi nimekaa nje barazani kwa sababu nikiingia ndani nitatoa maneno ambayo ndoa hii haitayabeba.

Huyu mtu mnamjua. Simtaji, ila mnamjua. Kila ukoo umegawiwa mmoja. Yule ambaye mchango ukipitishwa yupo "kwenye kikao", chakula kikiiva kikao kimeisha. Yule wa miwani ya jua saa 11 alfajiri. Yule anayeandika "asanteni wote kwa kufika" kwenye shughuli ambayo hakutoa hata katoni ya maji. Ni kaka wa mke wangu, basi, niishie hapo.

Safari ni yangu. Wazo langu, gari langu, wese langu. Nilisema watoto wakamwone tembo mwenyewe, wamechoka kumwona kwenye katuni. Mama mkwe akasema naye anakuja, karibu sana mama. Alfajiri nafika kumchukua, nakuta jamaa kasimama nje na kibegi, kavaa kofia ya kitalii ile ya kamba kidevuni. Hakualikwa na mtu. Kafungua mlango wa mbele, kakaa. Mke wangu, mama watoto wangu, akahamia nyuma kama kifurushi.

Njia nzima ananiendesha yeye. "Pita." "Punguza." "Mbona umeganda nyuma ya lori?" Tumefika Morogoro kashuka, karudi na maji chupa moja, kanywa peke yake. Tulipopita Doma tukaingia kwenye kile kipande ambacho barabara kuu ya Iringa inakatiza katikati ya hifadhi, kilometa 50 hivi, mwisho wa mwendo ni 70 mchana na 50 usiku, na lile bango la faini ya kila mnyama ukimgonga. Mimi natambaa na 60 zangu, watoto wanahesabu swala, jamaa anasema "ukienda hivi tutakuta wanyama wameshalala". Nikameza. Mama mkwe yuko nyuma.

Sasa getini Kikoboga. Ngojeni nivute pumzi.

Nimeegesha, nimeenda dirishani. Pale hawapokei noti mkononi, unapewa namba ya malipo unalipia kwenye simu. Nipo nahangaika na simu, mtandao unazunguka, afande wa hifadhi anauliza tuko wangapi. Sijafungua mdomo, jamaa kanitokea begani, kapandisha miwani kwenye paji la uso, kasema:

"Watu wazima watatu, watoto wawili. Na huyu hapa ni dereva wetu."

DEREVA WETU.

Afande wa watu, hana kosa, kamgeukia yeye: "Karibu sana mzee." Mimi nikapewa yangu: "Dereva, usipige honi, usitoke nje ya njia, abiria wasishuke ovyo." Na muda huohuo, wakuu, muda huohuo, meseji ya kukatwa hela inalia kwenye simu yangu. Nalipa huku naitwa dereva!

Mama mkwe akacheka. Alicheka hadi nikayaona magego.

Huko ndani sikuona kitu. Wenzangu wanasema uwanda wa Mkata ulijaa pundamilia na nyumbu, twiga wamekatisha mbele ya boneti, tembo alikuwa na mtoto wake. Mimi naona maneno mawili tu yameandikwa kwenye kioo cha mbele. Kiboko kapiga mwayo, nimesikia "dereva wetu". Jamaa katoa kichwa dirishani, "dereva, simama hapo", mbele ya watoto. Kitinda mimba wangu naye akadaka: "Dereva, twende kwa simba."

Mwanangu wa kumzaa.

Na sasa hivi, dakika hii, kaweka picha kwenye kundi la familia. Kaegemea gari langu, mikono kakunja, kaandika: "Leo nimeitoa familia kidogo." Watu wanamjibu "Mungu azidi kukuinua kaka". Mimi kwenye hiyo picha naonekana mkono tu, unafuta kioo.

Nimemaliza. Sihitaji ushauri.

Kunguru wa Posta

Pole sana dereva.

Mama Wawili

Nimefika kwenye "na huyu hapa ni" nikajua tu kinachokuja, nimecheka nimeamsha nyumba nzima. Afande kakwambia usipige honi na roho inataka kupiga honi mpaka Iringa.

Fundi Manyoya

Uzi bila picha ni porojo. Weka picha ya mkono.

Ngedere Mstaafu

Swali la msingi kabla hatujafika mbali. Posho ya dereva ililipwa?

Mzizi wa Mbuyu

Jamani nimesema sitaki utani. Nimelipia vichwa vyote. Nimelipia gari. Nimelipia hadi kichwa chake yeye! Mtu unamlipia kiingilio halafu anakutambulisha kama kibarua! "Watu wazima watatu" maana yake mimi sihesabiwi hata kwenye watu wazima!

Ngedere Mstaafu

Hapo kwenye hesabu umeonewa, nakubali. Lakini tusaidie mahakama hii, siku hiyo ulivaaje?

Mzizi wa Mbuyu

Kawaida tu. Suruali, raba, shati la kaki.

Ngedere Mstaafu

Shati la KAKI. Kesi imefungwa, mlalamikaji alipe gharama.

Kunguru wa Posta

Hahahaaa kaki lenye mifuko miwili mbele au mmoja?

Mzizi wa Mbuyu

Mifuko inahusiana nini na

Fundi Manyoya

Miwili. Ameshindwa kumalizia sentensi.

Mwalimu wa Zamu

Ndugu mwanzisha uzi, hifadhi hiyo ipo tangu 1964 na ina kilometa za mraba 3,230. Katika eneo lote hilo umekosa pa kumsahau mtu mmoja?

Binti Mkata

Wewe uliitwa dereva, ukaumia moyo, imeisha. Mimi wifi yangu kashusha kioo palepale barabara kuu, anawatupia nyani ndizi huku mabango yanakataza. Nyani kaingia gari zima, kaondoka na hotpoti la pilau. Siyo bakuli, HOTPOTI. Nyumbani kesi imefika kwa wazee kwamba mimi ndiye sikukaza mfuniko. Eti nyani asingefungua. Nyani aliondoka nalo zima, mfuniko unahusika vipi!

Mama Wawili

Wifi anaruhusiwa kukaa karibu na dirisha kwani?

Binti Mkata

Alidai anatapika akikaa katikati. Safari nzima hajatapika, kala.

Bwana Kivuli

Nyote mnachezea. Mimi nilimbeba baba mkwe. Kila mnyama anasema "hawa hata kijijini kwetu walikuwepo". Pundamilia, wapo kijijini. Tembo, alishalala naye shamba moja. Anachotaka ni simba tu, na tusipomwona simba nirudi getini nikadai nusu ya hela. Mchana joto limemzidi, kasinzia mdomo wazi. Na ndipo simba jike wawili wakatoka kwenye nyasi wakakatisha polepole mbele yetu. Tukaangaliana mimi na mke wangu. Hakuna aliyemwamsha.

Kunguru wa Posta

Mna roho mbaya nyie, na mimi nazipenda.

Bwana Kivuli

Mjukuu wake ndiye aliyetutoa siri, tulipofika tu nyumbani. Mzee hapokei simu yangu mpaka leo.

Mzizi wa Mbuyu

Sasa baba mkwe kulala na mtu kuitwa DEREVA WETU getini mbele ya mama mkwe ni vitu vya kulinganisha? Niliwaambia kwamba kofia ilikuwa na kamba?

Mama Wawili

Ulituambia.

Pwani Tupu

Kosa ni kwenda Mikumi. Wanyama unawaona bure ukiwa kwenye basi la Mbeya, kwa nini ulipie? Nendeni Saadani, hifadhi inagusa bahari, ukikosa mnyama unaoga.

Binti Mkata

Mikumi usiiguse kabisa. Saadani nimezunguka nusu siku nimeona ngiri na mgongo wa dereva.

Kunguru wa Posta

Alivaa kaki?

Mwalimu wa Zamu

Suluhisho la shemeji wa aina hii ni Udzungwa, ipo palepale jirani. Ndani hakuna barabara za gari, ni miguu yako na muongozaji mpaka maporomoko ya Sanje, ambayo yanashuka zaidi ya meta 170. Mbebeshe kibegi chake mwenyewe. Hapo tuone atamwita nani dereva.

Fundi Manyoya

Atamtambulisha kama mpagazi.

Ngedere Mstaafu

"Na huyu hapa ni mpagazi wetu." Nimejifia.

Mzizi wa Mbuyu

Najuta kufungua huu uzi.

Dada wa Noah

Samahani wakuu, natoka nje ya mada kidogo. Nina Noah, nataka niwapeleke wanangu Mikumi mwezi wa nne. Itapita?

Mwalimu wa Zamu

Mwezi wa nne ni masika. Ule udongo mweusi wa Mkata ukilowa unanata hadi tairi linageuka duara la tope. Njia nyingine hazipitiki kabisa. Subiri kiangazi, nyasi zikiwa fupi hata wanyama wanaonekana vizuri.

Pwani Tupu

Inapita, asikutishe. Mimi nilipita na Vitz.

Bwana Kivuli

Ulipita wapi na Vitz, kwenye lami ya kwenda Iringa?

Pwani Tupu

Ndani kabisa. Pembeni ya bwawa la viboko.

Bwana Kivuli

Masika?

Pwani Tupu

Mwezi wa nane.

Mzizi wa Mbuyu

Wakuu, uzi unahusu getini. GETINI.

Fundi Manyoya

Tumekusikia mkuu, pole sana. Dada wa Noah, gari linavuta matairi yote manne au mawili?

Dada wa Noah

Aliyeniuzia alisema manne. Fundi kaingia chini, kasema mawili. Nilipompigia aliyeniuzia kasema "inategemea na barabara".

Binti Mkata

Ngoja. Huyo muuzaji ana kitambi, anaongea huku anapangusa kioo na kiwiko, na kila gari lake "lilikuwa la daktari mmoja mama mtu mzima"?

Dada wa Noah

MNAMJUA?

Binti Mkata

Mimi kaniuzia gari la huyohuyo daktari. Rangi tofauti.

Kunguru wa Posta

Na mimi! Huyo daktari alikuwa na magari mangapi?

Mama Wawili

Dada, fungua uzi wake kabisa, hapa tunabanana.

Dada wa Noah

Nafungua sasa hivi. Naweka na stakabadhi.