Dume P kwa jike M watoto wa kike tasa, ukigeuza wazazi wazima. Kwa nini?

sharubu_za_nzi
Wakuu salamu, naombeni msaada kwenye hii kitu maana imeninyima usingizi. Nina nzi wa matunda aina mbili, wa kwanza asili yao ni porini na wamejaa transposoni (kipande cha DNA kinachoweza kuhama chenyewe kwenye kromosomu) inayoitwa elementi P, wa pili ni ukoo wa M, umefugwa maabara miaka mingi sana na hauna P hata moja. Nikipandisha dume P kwa jike M na nikalea watoto kwenye nyuzi 29, mabinti wanatoka wazuri tu, mabawa sawa, macho sawa, wanakula, wanaruka, ila ukimfungua tumbo kwa koleo chini ya darubini ovari hazipo yaani kuna vijinyuzi viwili vyeupe vimesinyaa basi, wakati wenzake wa umri huohuo mayai yamejaa mpaka tumbo limetuna. Sasa nikigeuza, mama awe P baba awe M, mabinti wanataga kama kawaida. DNA si ni ileile nusu kwa nusu? Nimerudia mara tatu nikidhani nimechanganya chupa.

Yai_Bichi
Hujachanganya chupa mkuu. Umekutana na kitu kilichowasumbua watu tangu miaka ya 70. Enzi hizo waliona tu kwamba kuna kitu kwenye saitoplazimu ya yai la mama P kinachotuliza elementi P, ila ni nini hasa hawakujua mpaka zilipogunduliwa piRNA, yaani vipande vifupi vya RNA vinavyoongoza protini kunyamazisha transposoni.

DNA ni ileile kweli, lakini yai silo lilelile. Mbegu ya dume inaleta kromosomu na vitu vichache sana zaidi ya hapo, ila yai linaandaliwa na mama siku kadhaa, seli lishi 15 zinalimiminia kila kitu, na ndani ya huo mzigo kuna protini mbili za kuangalia, Piwi na Aubergine, kila moja imeshika piRNA, kipande cha RNA cha herufi kama 23 hadi 29. Hicho kipande ndo kinaiambia protini adui ni nani. Halafu ona zinapowekwa, zinarundikana ncha ya nyuma ya yai, palepale ambapo baadaye zitaumbika seli za uzazi za mtoto! Kwa hiyo binti wa mama P anaanza maisha akiwa na walinzi wanaomfahamu P kwa herufi. Binti wa mama M anao walinzi pia, wa transposoni nyingine kibao, ila wa P hana hata mmoja, baba anamletea P kadhaa kwenye kromosomu, zinaanza kukata na kuhama ovyo, DNA inavunjika, seli za uzazi zinakufa. Hivyo vijinyuzi ulivyoona ndo mabaki. Mwaka 2008 walilinganisha mapandisho ya pande zote mbili na wakaonyesha wazi kuwa tofauti ni piRNA za mama.

mdudu_mtafiti
Naongezea kidogo, kwa nini mwili mzima uko salama na ni ovari tu zinaumia: ujumbe wa P (RNA inayonakiliwa kutoka DNA yake) una vipande vya kukatwa na kutupwa vinavyoitwa introni, cha tatu lazima kiondolewe ndipo kimeng'enya cha kurukia kitengenezwe kizima, na hicho kipande kinaondolewa kwenye seli za uzazi peke yake. Ndo maana mabawa na macho yako sawa.

Kamba_Mbili
Samahani kwa kuingilia, mi kuna kitu sielewi. Kama piRNA mtu anazipata kwa mama, mama kwa bibi, bibi wa kwanza kabisa alizitoa wapi? Maana nimesoma kuwa P iliingia kwa hawa nzi karne ya 20 tu, ikitoka kwa spishi nyingine, Drosophila willistoni.

Yai_Bichi
Swali zuri sana hili. Kwenye kromosomu kuna sehemu ni kama makaburi ya transposoni, vipande vya zamani vimelaliana vimeharibika, maarufu ni 42AB na nyingine inaitwa flamenco iko kwenye kromosomu X. Sehemu hizo zinasomwa kuwa RNA ndefu halafu zinakatwakatwa kuwa piRNA. Transposoni mpya ikiingia inaruka huku na huku, siku moja inaangukia humo, na ikishaangukia humo imejikamatisha, kuanzia hapo nakala yake yenyewe inatengenezewa walinzi wa kuikamata.

Na wakishakuwepo wachache wanaongezeka wenyewe, hapa ndo mi huwa napapenda. Aubergine inaukuta ujumbe wa transposoni, inaukata herufi ya kumi, kipande kilichobaki hakitupwi, kinachukuliwa na protini ya tatu Ago3 ambayo nayo inaenda kukata RNA ndefu ya kule makaburini, inatoka piRNA mpya ya Aubergine. Wanarushiana kama mpira wa meza. Yaani transposoni ikizidi kupiga kelele ndo inazidi kuzalisha piRNA za kuinyamazisha. Piwi yenyewe haikati, inaingia kwenye kiini na kufunga ile DNA isisomwe kabisa.

sharubu_za_nzi
Asante sana aisee, nimeelewa kwa nini kugeuza wazazi kunabadilisha kila kitu. Sasa hao mabinti tasa niwamwage?

mdudu_mtafiti
Wa nyuzi 29 hao tayari, seli zenyewe zilishakufa mapema hakuna cha kurudi. Ila pandisha wengine ulee kwenye joto la chini kidogo, kama 25, usiwamwage wakionekana tasa siku za mwanzo. Wabadilishie chakula, wafikishe wiki kama tatu. Kuna utafiti wa 2011 ulionyesha baadhi wanaanza kutaga uzeeni, kwa sababu katika P walizorithi kwa baba kuna zilizokaa kwenye yale makaburi na taratibu ovari zinajifunza kuzitengenezea piRNA zake zenyewe, bila mama.

sharubu_za_nzi
Napandisha leo jioni. Nitawafungua wachache kila wiki nilete picha za ovari hapahapa.