"ANDIKA HAPANA"?! Huyu wakala wa viza atawafungia watu mlango wa Marekani mpaka kiama

Mwana wa Kongowea:
Jamani, nimechemka. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule yule wa ofisi ya ghorofani, mwenye mihuri mingi kuliko posta. Asubuhi hii, mbele ya kundi zima la WhatsApp, mtu kauliza: kuna kesi ya wizi ya 2009, iliishia kwa faini, ajaze nini kwenye DS-160, ile fomu ya kuomba viza ya Marekani? Jamaa akajibu: "Andika Hapana. Kesi ya zamani imeshakufa."

Andika Hapana! Swali lenyewe linauliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani, HATA KAMA ulisamehewa baadaye. Kosa la 2009 linaombewa msamaha wa kuingia. Kumdanganya afisa wa ubalozi ni kosa jipya, na marufuku yake haina tarehe ya mwisho.

Alipokosolewa akasema eti kosa dogo halihesabiwi. Dogo kwa nani? Wamarekani hawatazami faini peke yake. Wanatazama sheria iliruhusu kifungo cha juu cha muda gani, na kikizidi mwaka mmoja, udogo umekwisha. Wizi wa kawaida, kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ni hadi miaka 3, hata kama hakimu alikutoza elfu mbili akakwambia nenda nyumbani. Bangi ndiyo haina "dogo" kabisa.

Halafu anauza fomu I-192, ya kuomba msamaha wa kuingia! Ada yake dola 1,100, nayo ni ya wasiohitaji viza, mfano raia wa Kanada. Mkenya wa viza ya matembezi analipa dola 185, anajaza Ndiyo, anaingia kwenye mahojiano na karatasi za mahakama, anamwomba afisa ampendekeze apewe msamaha. Afisa akikubali, ombi linakwenda kwa idara ya forodha na ulinzi wa mipaka huko Marekani, na hapo ni kusubiri miezi. Fomu ya pili hakuna, ada ya pili hakuna. Lakini yeye: Andika Hapana! Ataua safari za Mombasa nzima na Kilifi juu!

Bibi Masjala:
Sema tena mwanangu. Na karatasi zenyewe ni hati ya mashtaka, hukumu na stakabadhi ya faini, nakala zilizothibitishwa na mahakama iliyosikiliza kesi. Faili likikosekana, usiende mikono mitupu: omba barua ya mahakama kwamba limetafutwa halikuonekana. Cheti cha tabia njema cha DCI, polisi wa upelelezi, hakielezi kosa lilitokeaje.

Shekhe wa Tononoka:
Na barua zake za kuombea msamaha je! Wateja wote barua moja, "mimi ni mtu mwadilifu". Tangu kesi ya Hranka, iliyoamuliwa na bodi ya rufaa ya uhamiaji ya Marekani 1978, Wamarekani wanapima mambo matatu: hatari yako kwa jamii, uzito wa kosa, sababu ya safari. Taja kosa, tarehe, adhabu, maisha yako tangu hapo, unakwenda kwa nani na unarudi lini. "Mwadilifu" haijibu hata moja.

Mpiga Soga:
Mwana wa Kongowea, punguza herufi kubwa, utapasua simu. Mtu kasema maneno mawili, wewe umeshusha hotuba ya Ijumaa.

Mwana wa Kongowea:
Maneno mawili yenyewe ni ANDIKA HAPANA, kaka!!

Dada wa Nyali:
Wanaoolewa na Wamarekani wasifuate uzi huu. Green card ina njia yake ya kuomba msamaha, fomu I-601, na kwa dawa za kulevya msamaha unagusa kosa moja tu la kupatikana na bangi isiyozidi gramu 30.

Kijana wa Saba Saba:
Mnamlilia wakala, mie nalia na watu wa saiba, hao wa kuchapisha fomu. C24, ile fomu ya alama za vidole ya cheti cha tabia njema, huchapishwa mbele na nyuma ya karatasi moja. Wao wanakutolea karatasi mbili na pesa wanachukua. Ukifika kwa vidole, unarudishwa.

Bibi Masjala:
Hao ndio wezi hasa! Na wanakuuzia kopi za rangi ambazo hakuna aliyeziomba.

Mpiga Soga:
Vidole navyo oshea sabuni, ukaushe vizuri. Jasho likichanganyika na wino, mistari haionekani, utapigwa upya.

Kijana wa Saba Saba:
Basi nielekezeni saiba inayojua kuchapisha pande mbili. Mwembe Tayari nimeshakata tamaa nako.

Dada wa Nyali:
Nenda na faili lako kwenye flashi, simama juu yake mpaka atoe. Usimwachie ukaenda chai.